Kisa cha Taa Zinazokonyeza

Mvua ya Kyela haibishi hodi. Ikishaingia mwezi wa tatu hukaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake, na kijijini kwa binti aitwaye Kisa, kata ya Ipyana, watu hawaulizani kama leo itanyesha. Wanaulizana kama imepumzika.

Mvua au jua, jioni za Kisa zilifanana. Akitoka shule alivua sare, akala ndizi zilizobaki jikoni, akafagia banda la kuku, kisha akakaa barazani kusikilizia pikapu ya baba yake. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Pikapu ile ilijitangaza yenyewe tangu kwenye kona ya kanisa: kwanza redio, halafu kikohozi cha injini, mwisho harufu. Asubuhi ilifuata usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, huko Matema. Mchana ilibeba ndizi na mpunga wa majirani. Ikirudi nyumbani ilinuka kama soko zima limefungiwa kwenye chumba kimoja.

Baba yake Kisa, Ezekiel, aliendesha kwa zamu na mdogo wake, Amon. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na sheria nyingi. Baba mdogo Amon alikuwa kinyume chake. Ndiye aliyeifunga ile redio kwa mikono yake, na ndiye aliyekuwa akishuka garini huku bado anaimba.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba," baba angejibu, akapita ndani.

"Marahaba, bosi wa kakao!" Amon angejibu. "Kiwanda chako kinaendeleaje?"

Kiwanda chenyewe kilikuwa mti mmoja. Marehemu bibi yake alimwachia Kisa mti wa kakao nyuma ya nyumba, akasema kitakachotoka humo ni cha mtoto. Tangu hapo Kisa alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita na mkulima mwenye shamba la mti mmoja, na kiburi cha mwenye ekari kumi.

Tatizo la shamba la mti mmoja ni kwamba mavuno yake hayajazi hata beseni. Na kakao, kama kila mtoto wa Kyela anavyojua, haianikwi hivi hivi. Mbegu mbichi hufungwa kwenye majani ya migomba au hutiwa kwenye sanduku la mbao, zikavundikwa siku kadhaa mpaka zipate joto, zitoe maji yake, na ndani zigeuke rangi ya udongo. Rundo kubwa hujipasha joto lenyewe. Rundo dogo hupoa kama uji uliosahauliwa.

Msimu uliopita Kisa alipeleka kakao yake kituo cha kukusanyia mazao. Karani alichukua mbegu moja, akaikata katikati kwa kisu, akaiinua juu ili wote waone. Ndani ilikuwa zambarau.

"Hii haikuvundikwa vizuri," alisema karani. "Rudi nayo, binti."

Nyuma yake alikuwepo Jubilate, mwanafunzi mwenzake, mwenye mdomo usiojua likizo. "Kisa ni nini kakao kukataliwa?" aliuliza kwa sauti ya mwalimu, kisha akajijibu: "Kisa ni Kisa!"

Foleni nzima ikacheka. Utani huo ulikuwa wa zamani. Jina la Kisa ni la Kinyakyusa, maana yake ni huruma, lakini kwa Kiswahili kisa ni sababu ya jambo, na darasani kwao chaki ikivunjika, dirisha likigoma kufunguka, au mbuzi akiingia darasani, Jubilate alikuwa na jibu moja tu.

"Changanya na yetu kwenye sanduku kubwa," baba alimshauri siku ile. "Itaiva."

"Lakini hapo haitakuwa yangu tena, baba."

Baba akamwachia kakao yake.

Wazo lilimjia Kisa jioni moja alipokuwa anafuta tope kwenye pikapu. Aliegemea boneti akahisi joto zuri likipanda kifuani. Injini iliyotoka Matema ilikuwa bado ya moto kama kaango. Alitazama boneti, akatazama kifurushi chake cha kakao kilichokuwa kinapoa pembeni ya jiko, na hapo akajiona mjanja kuliko wote waliopita kwenye foleni ile.

Baba alikuwa na sheria moja kuhusu sehemu hiyo. "Boneti la gari langu si kabati," alizoea kusema. "Anayelifungua ni mimi au Amon." Lakini baba alikuwa ndani anakula, na Amon alikuwa mtoni anaoga.

Kisa alikiingiza kifurushi pembeni ya betri, mahali palipobaki na nafasi kidogo na joto jingi. Alfajiri, kabla baba hajavaa viatu, alikitoa. Jioni akakirudisha. Akafanya hivyo mpaka mbegu zikaiva, akazianika, akazipeleka kwa karani.

Karani alikata moja. Ndani ilikuwa rangi ya udongo, safi kabisa.

"Haya, hii ndiyo kakao!" alisema. Aliipeleka puani, akakunja uso kidogo. "Ina harufu ngeni, sijui ya nini. Ila imeiva." Akaipokea.

Kisa aligeuka kumtafuta Jubilate kwa macho, akamwona, akamtolea ulimi. Ilikuwa siku tamu. Mavuno yaliyofuata yakaingia chini ya boneti bila hata kufikiri mara mbili, na yaliyofuata hayo vilevile.

Kitu kimoja hakukiwaza. Kakao inapovundikwa hutoa maji, na maji hayo ni makali, yananuka kama siki. Kwenye sanduku la mbao hudondoka chini yakanywewa na ardhi. Chini ya boneti hapakuwa na ardhi. Palikuwa na bolti.

*

Taa za pikapu zilianza kukonyeza katikati ya masika. Gari likipita kwenye shimo, taa zote mbili zilififia, zikawaka, zikafifia tena, kama mtu anayepata usingizi kanisani. Likisimama, zilitulia kama hazijafanya lolote.

"Ee gwe Kisa!" Jubilate alimwita siku moja njiani. "Gari la baba yako jana limemkonyeza mama yangu! Mwambie likome, mama ni mke wa mtu!"

Kisa alicheka kuliko wote. Nyumbani baba hakucheka. Alibadilisha globu, akaweka mpya. Zile mpya nazo zikakonyeza. Akasema ataliangalia vizuri Jumamosi, akishatoka kwenye msiba Mwaya, alikofariki mjomba wake mama.

Jumamosi hiyo baba na mama walikwenda kuzika. Kisa alibaki na Amon, aliyekuwa anashona magunia. Mvua ilianza saa za alasiri, ikaongezeka, na giza likashuka mapema kuliko kawaida. Kisa alisikilizia redio kwenye kona ya kanisa. Haikusikika. Aliweka ndizi motoni, zikaiva, zikapoa.

Aliyekuja alikuwa Hezroni, jirani mwenye bodaboda, amelowa mpaka kwenye mfuko wa shati. Hakushuka. Alimwita Amon kando, lakini mvua ilimlazimisha kupaza sauti, na Kisa akasikia yote.

"Taa zimezimika pale kwenye kalavati, kaka yako hakuona ukingo. Gari limeingia kwenye jaruba la mpunga, limelala ubavu. Yeye ni mzima. Shemeji yako mkono umevunjika. Wamepelekwa hospitali mjini."

Amon alichukua koti, akapanda nyuma ya bodaboda. Kabla hawajaondoka alimgeukia Kisa. "Funga mlango, bosi. Mama atarudi." Hakuwa anaimba.

Kisa alifunga mlango. Kisha akakaa sakafuni katikati ya jikoni, akakumbuka kitu alichokuwa amekiona asubuhi ile, alipokuwa anatoa kifurushi chake. Chini ya betri, pale waya mweusi ulipokazwa na bolti kwenye bodi ya gari, palikuwa na unyevu mweusi unaoteleza. Alipopangusa kwa kidole, kidole kilitoka na unga wa kijani, na bolti yenyewe ilikuwa imevimba kutu. Mwalimu wa sayansi aliwahi kulowesha msumari kwenye siki, akawaonyesha baada ya siku kadhaa. "Tindikali hula chuma," aliwaambia, na Kisa aliandika sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri, akapata tiki.

Alitoka na kifurushi cha kakao kwenye mvua, akakitupa kwenye shimo la takataka, akakifunika kwa majani. Akadhani amefunika kila kitu.

*

Mama, Asifiwe, alirudi na mkono wa kulia umefungwa hogo jeupe la plasta kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Mpunga wake ulikuwa umeanza kupiga njano shambani. Kila asubuhi alisimama mlangoni akatazama upande wa jaruba lake, ambako ndege walikuwa wanakula bila wa kuwafukuza, halafu akarudi kukaa. Hakulalamika. Kisa angeona nafuu kama angelalamika.

Majirani waliivuta pikapu kwa kamba mpaka uani. Baba alinyoosha alichoweza kwa nyundo, akabadilisha kioo kilichopasuka, injini ikakubali kuwaka. Yakabaki maradhi ya taa. Alifungua boneti, yeye upande mmoja na Amon upande wa pili, na Kisa akaitwa kuwashikia mwavuli.

Hapakuwa na mahali pabaya zaidi pa kusimama.

"Washa," alisema baba. Amon aliwasha. Taa zikawaka vizuri. Baba alitikisa gari kwa mabega, zikakonyeza.

"Kaka," alisema Amon, "zote mbili zinakonyeza kwa pamoja. Globu mbili haziwezi kupata homa siku moja, saa moja. Fyuzi tumeangalia, nzima. Ugonjwa uko mahali zinapokutana."

"Zinakutana kwenye redio yako."

"Redio haihusiani na..."

"Kabla ya redio gari hili lilikuwa na taa!" Baba hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. "Umepitisha mawaya kama buibui. Na hii harufu ya siki ni nini? Unasikia? Betri inavuja. Mawaya yako yameiua betri yangu, na karibu yaniulie mke."

Mwavuli uliinama mkononi mwa Kisa, tone la maji likaangukia shingoni mwa baba.

"Shika vizuri, mama," baba alimwambia kwa upole, na upole huo ukamchoma. Kisha akainama, akavuta kipande kikavu cha jani la mgomba kilichokuwa kimenasa pembeni ya betri. Akakigeuzageuza.

"Upepo huu," alinung'unika baba, akakitupa.

*Sema sasa,* Kisa alijiambia. Ulimi ulikataa. Alimwaza mama na hogo lake, akamwaza baba akigeuza uso kumtazama yeye jinsi alivyokuwa anamtazama Amon. Akanyamaza, na kila alivyozidi kunyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema.

Baba alikata waya za redio moja baada ya nyingine, akaing'oa, akaiweka kwenye matope. Alipokuwa anavuta waya wa mwisho, kiwiko chake kiliusukuma ule waya mweusi chini ya betri. Kisa aliona. Baba hakuona.

"Washa tena."

Taa zikawaka. Baba alilitikisa gari. Hazikukonyeza. Alilitikisa tena, kwa nguvu zaidi. Zikatulia tuli.

"Umeona?" baba alimwambia mdogo wake.

Amon aliitazama redio iliyolala matopeni. Alikuwa kijana wa kujibu kila utani, lakini huu haukuwa utani. "Nimeona, kaka," alisema, akaingia ndani. Kisa alimsikia akifungua begi.

"Unakwenda wapi, baba mdogo?" alimuuliza mlangoni.

"Ng'ambo ya mto Songwe, kwa shangazi, Karonga. Wanasema Malawi pia kuna magari mabovu ya kuharibu." Alijaribu kutabasamu. "Mti wako uutunze, bosi. Na ukiimba, usiimbe puani."

*

Alasiri hiyohiyo baba alijiandaa kwenda Matema. Kwa siku nyingi hapakuwa na usipa wala nauli, na alitaka kufika kabla giza halijaingia, alale huko, mapema apakie. Amon alikuwa amekaa kwenye begi lake barazani akimsubiri Hezroni amchukue kwa bodaboda. Ndugu wawili, hatua chache kati yao, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama alisimama mlangoni na mkono wake mweupe.

"Ezekiel," alisema mama, "mvua hii. Una hakika na taa?"

"Nina hakika. Kisa tumekipata."

Kisa alishtuka kusikia jina lake, kisha akaelewa. Baba alikuwa na maana ya sababu. Sababu tumeipata. Na baba alikuwa anakwenda kupita kwenye kalavati lile lile, na mashimo yale yale, na ule waya ukaao kwa kuombewa, peke yake. Mara hii huenda Hezroni angekuja na habari nyingine.

Injini iliwaka. Baba alirudisha gari nyuma, akalielekeza barabarani. Kisa alitoka barazani akakimbia kwenye mvua, akasimama mbele ya pikapu, mikono ameitandaza.

Baba alifunga breki. "Wewe! Una nini? Toka njiani!"

"Baba, kisa ni mimi!"

"Najua wewe ni Kisa. Nimekuita hivyo tangu umezaliwa. Toka, nalowa dirishani hapa."

"Si jina, baba! Kisa cha taa! Ni mimi! Si baba mdogo, si redio, ni mimi!" Na hapo ulimi uliokuwa umegoma siku zote hizo ukafunguka wote kwa mara moja. Kakao. Joto la injini. Boneti. Unga wa kijani. Lile jani la mgomba. Jinsi alivyocheka mwenyewe siku Jubilate aliposema gari linakonyeza. Alilia na kusema kwa pamoja, na mvua ikampiga.

Baba alizima injini.

Kisha akashuka, akafungua boneti. "Nionyeshe."

Kisa alinyoosha kidole. Baba alipitisha mkono chini ya betri, akaushika waya mweusi, akautikisa kidogo tu. Hakuwa na haja ya nguvu. "Amon," aliita bila kugeuka. "Washa taa."

Amon aliinuka kwenye begi lake. Aliwasha. Baba aliutikisa waya, taa zikakonyeza. Akautikisa, zikakonyeza. Akauacha, zikazimika kabisa.

Mama, pale mlangoni, aliziba mdomo kwa mkono wake mzima.

"Huu ndio waya unaorudisha umeme kwenye betri," baba alimweleza Kisa, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Umeme wa taa ukienda lazima urudi. Injini ina waya wake mwingine, ndiyo maana gari linawaka bila shida na mimi nikadanganyika. Huu wa bodi umeliwa. Unagusa, unaachia. Unagusa, unaachia."

"Tujaribu kwa waya mzima kwanza," alisema Amon. Alikwenda matopeni akaiokota redio yake, akachuna kipande kirefu cha waya kilichobaki kimening'inia. Ncha moja akaigusisha kwenye upande wa hasi wa betri, ya pili kwenye waya mweusi wa taa. Taa zikawaka kwa ukali ambao haukuwa umeonekana tangu masika yaanze, zikamulika ukuta wa jiko na kuku waliokuwa wamejibanza hapo. Baba alilitikisa gari kwa bega. Hazikupepesa.

Hakuna aliyeshangilia.

"Kisa, nenda jikoni," alisema baba. "Maji ya moto na magadi. Yale ya mama ya maharage."

"Magadi ya nini, baba?"

"Tindikali haipatani na magadi. Kimbia."

Walifungua nyaya za betri, wakaitoa, wakaiweka pembeni. Kisa alimwagia maji ya magadi pale palipoliwa, yakachemka mapovu kama sabuni, mapovu machafu yenye rangi ya kijani. Akamwaga tena mpaka yakaacha kuchemka. Baba alifungua bolti kwa spana. Ilitoka ikilia, na nusu ya kichwa chake ikabaki unga kwenye kiganja. Kisa alipewa msasa, akasugua bodi mpaka chuma kikang'aa, akasugua huku machozi yakidondoka palepale mpaka Amon akamnong'oneza, "Bosi, machozi yana chumvi. Utaturudisha mwanzo."

Baba alikata ncha mbovu ya waya, akaweka kichwa kipya, akachukua bolti mpya kwenye kopo lake. Kisha akasita. Akamnyooshea Amon spana.

"Kaza wewe."

Amon hakuipokea mara moja.

"Mdogo wangu," alisema baba, na maneno hayo yalionekana mazito kuliko gari lenyewe. "Nilitafuta mtu kabla sijatafuta waya. Nisamehe."

Amon aliipokea spana. Alikaza, akapaka grisi juu ya bolti ili maji yasiingie, akafuta mikono kwenye suruali. Hezroni alipofika na bodaboda, alikuta begi limerudi ndani.

*

Baba hakwenda Matema siku hiyo. Walikula, mama akikishika kijiko kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayejifunza. Kisa alisukuma sahani yake kando.

"Nipige tu, mama," alisema mwishowe.

"Kwa mkono upi?" aliuliza mama.

Amon alikaribia kucheka, akakohoa. Mama aliweka kijiko chini.

"Sogea hapa. Kuweka kakao kwenye gari ulikosa, tena ulikosa kwa kujiona mjanja. Ila ungesema siku taa zilipoanza, baba yako angekugombeza, angesugua bolti, tukaenda msibani tukarudi. Au tuseme hukujua bado. Ungesema siku ile niliporudi na hogo. Baba yako asingemdhulumu ndugu yake. Wewe ulinyamaza, na kila siku uliyonyamaza lile tone la maji ya kakao liliendelea kula. Lilikula bolti, likataka kula na undugu wa nyumba hii. Leo lingemla baba yako."

Kisa aliinamisha kichwa.

"Kakao huvundikwa, mwanangu," alisema mama. "Kosa halivundikwi. Likishatokea, litoe likiwa bichi."

Baba aliyekuwa anasikiliza aliongeza jambo moja tu. "Ulisimama mbele ya gari. Uliogopa, lakini ulisimama. Hilo nalo nimeliona. Bibi yako alikuita Kisa, huruma. Leo umetuhurumia kwa kuchelewa, lakini umetuhurumia." Kisha akarudia ubaba wake. "Kila Jumamosi utalifungua boneti mbele yangu, utaikagua ile bolti. Na ndege wa mpunga wa mama yako ni wako."

Ndege wa mpunga wakawa wa Kisa, kila alfajiri kabla ya shule na kila jioni baada yake, na sauti ilimkauka kwa kupiga kelele. Hata hivyo, nusu ya mpunga ilikuwa imekwisha kuliwa. Hogo lilipofunguliwa, mkono wa mama ulitoka mwembamba, na kiwiko hakikunyooka tena mpaka mwisho. Redio ya Amon haikufufuka. Alisema amechoka nayo, lakini Kisa alijua si kweli.

Kakao ya mti mmoja sasa ilikwenda kwenye sanduku kubwa pamoja na ya wengine. Jubilate alipomuuliza kisa cha kufunga kiwanda, Kisa alimsimulia yote, njiani, bila kuacha hata lile jani la mgomba. Jubilate alisikiliza mpaka mwisho.

Siku baba aliporudia safari za Matema, ilikuwa bado alfajiri, mvua nyembamba inanyesha. Kisa na mama walisimama barazani. Pikapu iliondoka bila wimbo. Ilishuka kwenye shimo la kwanza, ikapanda. Ikashuka kwenye la pili.

"Zinakonyeza?" aliuliza mama.

Kisa alizitazama mpaka zikapinda kona ya kanisa.

"Hapana, mama," alisema. "Zimetulia."

Mama alimshika bega kwa ule mkono wenye hogo, wakaenda pamoja kufukuza ndege.